Nembo Yenye Milango Miwili

Jumatatu, 15 Juni 1987

Siku kubwa. Kamati ya jubilei imekuja kwangu. Kwangu, Muderhwa, si kwa Ndagijimana wa ng'ambo ya barabara na randa yake ya umeme.

Aliyekuja ni sekretari wa kamati, Harelimana, muntu mwembamba ambaye Kifaransa chake kinapitia puani. Akasema tarehe mosi Julai nchi inatimiza miaka ishirini na tano ya uhuru, na Cyangugu yetu haina armwari. Aibu. Wanataka armwari ya mbao nzuri, ya kufunuliwa mbele ya mgeni mkubwa kutoka Kigali.

Nikaona aibu pamoja naye. Mkoa mzima, robo karne, hauna kabati. Nguo wanatundika wapi?

Nikamwambia amefika. Kwamba kule Bukavu nilitengeneza armwari ya gavana, na nyingine ya askofu. (Ya askofu nilishika ubao upande mmoja tu, mwingine akipiga msumari. Lakini ubao ulikuwa wa askofu.) Sekretari akashtuka kwa heshima. Akauliza kama kweli askofu naye ana armwari yake. Nikajibu: basi Monsenyeri kanzu zile zote ataziweka wapi? Akacheka kidogo, kama muntu asiyezoea mizaha ya watu waliotembea. Mimi nimefika Kisangani, Bujumbura na Kigoma. Yeye amefika Butare.

Ndagijimana aliulizwa kwanza. Alisema hiyo si kazi ya seremala. Ameogopa. Tena alikaa mlangoni kwake akinitazama na kutabasamu, kama paka aliyeona mlango wa jikoni wazi.

Malipo yangu: kiti cha mstari wa mbele, chini ya hema, chenye mgongo. Nzigire, mke wangu, akauliza kama kiti kinaliwa. Mwanamke haoni mbali.

Jumanne, 16 Juni

Sikulala vizuri. Ni mambo ya mbao.

Mbao za libuyu ninazo, zile nyekundu, kavu kama mfupa, nimezilaza juu ya boriti tangu mwaka wa juzi. Zinatosha armwari moja. Na armwari hiyo ni ya Feza.

Feza ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Siku nilipomvusha Rusizi kutoka Bukavu, alikuwa mdogo hivi, nguo zake zote ndani ya mfuko wa mchele. Alilala na mfuko ule chini ya kichwa, akidhani atarudishwa. Nikamwambia: siku utatoka kwangu, hautatoka na mfuko, utatoka na armwari ya milango miwili. Anaolewa Jumamosi tarehe nne Julai, kule Nyakarenzo. Siku tatu baada ya jubilei.

Armwari mbili, mbao za moja. Lakini mimi ni muntu wa mipango. Nitatumia mbao za Feza kwa mkoa, halafu Mukengere ataniletea nyingine kutoka Bukavu wiki ijayo. Mukengere ana lori na ana neno.

Sijamwambia Nzigire. Kuna mambo mwanamke huyajua vizuri zaidi yakishakwisha.

Alhamisi, 18 Juni

Leo amekuja mwenyekiti wa kamati, Mzee Munyaneza, mwalimu wa zamani. Alikuja kunieleza maana ya kila kitu. Nilimpa kiti, nikajipa sura ya kuelewa.

Akasema wakati wa Wabelgiji kulikuwa na simba kila mahali: juu ya barua, juu ya kofia, juu ya vifungo vya askari. Na huku kwetu nani amemwona simba? Sasa tuweke vitu vyetu. Juu, maji ya buluu, ndiyo Kivu. Katikati Rusizi ikitoka ziwani, maana mto unazaliwa hapa hapa kwetu, hatuuazimi. Kushoto majani ya chai, kulia mpunga wa Bugarama. Chini moshi wa maji moto. Bila kusahau isambaza, kasamaki kadogo, kwa sababu wavuvi walisema wasipoona samaki hawatapiga makofi.

Nikasema yote yatapakwa rangi juu ya milango. Akarudia polepole: juu ya milango. Kisha akasema labda ni namna ya mafundi kusema. Nikamwambia ndiyo, Mzee, ni namna yetu.

Mengine alisema kwa Kifaransa, kwani mambo ya juu, asema, yana maneno yake. Namshukuru Mungu Kifaransa cha useremala ninacho. Anataka ekuso kubwa katikati. Ekuso ni kale kabamba kadogo ka chuma kanakofunika tundu la ufunguo. Kubwa kiasi gani? Akapanua mikono kama anakumbatia ng'oma. Ufunguo wa namna gani huo? Sikuuliza. Anataka sipori mbili, yaani miguu, na ziwe korongo wawili wamesimama. Na chini kabisa, devize.

Hapo nilitazama kwanza mlangoni. Devize tunazijua wote tunaoishi karibu na daraja: faranga za Burundi, zaire, dola. Mzee wa watu, mwalimu, mkristo. Nikainama, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama devize ionekane au ifichwe. Akasema ionekane na wote, ndiyo fahari ya mkoa. Nikamwambia, Mzee, niachie mimi. Nitaweka droo chini, na nitaificha vizuri. Yeye si muntu wa mpaka, hajui duane, wale watu wa forodha.

Jumapili, 21 Juni

Nimekata mbao.

Baada ya misa nilikutana na Mukarugwiza, mama wa bwana harusi. Mama mzito, mabega ya kubeba kanisa. Yeye pia yuko kwenye kamati, kwa upande wa mama wakulima wa Nyakarenzo. Alinisalimu, kisha akauliza mbele ya watu kama maharage yapo kwenye armwari. Nikasema Mzee hakutaja maharage. Akasema: chai ipo, mpunga upo, hata moshi upo, lakini maharage ambayo bamekula wote asubuhi hayapo? Ao Nyakarenzo iko Burundi?

Nimeahidi maharage.

Kisha akainua sauti, akasema yeye hana neno na Feza, mtoto ni mzuri, lakini kila muntu anajua binti wa Bukavu hufika kwa mume na vitu viwili: mdomo na kitenge. Watu wakacheka. Feza alikuwa nyuma yangu. Alishika tu mkoba wake kwa mikono yote miwili, kama alivyoshika ule mfuko wa mchele.

Nikamjibu Mukarugwiza kwamba siku hiyo atafute kwanza mlango mpana, maana armwari inayokuja haitapita kwenye tundu lake la sasa. Nilisema vizuri. Nilitembea hadi nyumbani na jasho.

Jumatano, 24 Juni

Armwari ya mkoa imesimama. Jamani, mikono hii! Milango miwili, ikifungwa inakuwa picha moja: ziwa, mto, chai, mpunga, moshi, isambaza, na maharage pembeni. Isambaza ilitoka kubwa kidogo. Nzigire alidhani ni mamba.

Ndani kuna fimbo ya kutundika nguo na rafu ya kofia, kwani wakubwa wana kofia. Chini, droo ya devize.

Korongo mmoja amenishinda. Yule wa kulia alikubali, ingawa ni mnene. Wa kushoto shingo ilivunjika mara kwa mara, mwishowe nilibaki na kipande kifupi. Nikaona ndani ya kile kipande amelala chui. Nikamtoa.

Kitu kimoja kinanikosesha raha. Serire, kufuli ya mlango, haipo. Ekuso nimepaka kubwa kama sinia, lakini nyuma yake hakuna kitu, milango inajifungua yenyewe ukipita karibu. Mukengere ataleta serire pamoja na mbao. Mukengere bado.

Jumamosi, 27 Juni

Mukengere alifika. Lori tupu.

Akasema mbao zilikuwepo. Akasema alipopita asubuhi nilikuwa sijafungua, basi jirani yangu mwema, Ndagijimana, akasema azishushe kwake, atazitumia yeye, wasinisumbue. Serire je? Serire zilikwenda pamoja na mbao.

Nilivuka barabara. Nilimwambia Ndagijimana maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alisikiliza huku akipangusa miwani. Kisha akauliza kwa upole armwari ya mkoa inaendeleaje. Nikasema vizuri sana. Akasema: inafunguka? Nikasema inafunguka, inafunga, ina droo. Akainama nyuma ya meza yake kama amedondosha kitu, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Nikamsamehe nusu.

Leo Feza alikuja karakana. Nilitupa turubai juu ya armwari. Akasimama, akaitazama turubai, kimo chake, upana wake. Akatabasamu, akaondoka bila kuuliza. Anadhani ni yake.

Sikula. Nzigire akauliza kama ninaumwa. Nikasema ni jua. Ilikuwa inanyesha.

Jumatatu, 29 Juni

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Kamati ilikuja yote kukagua: Mzee Munyaneza, Harelimana, Mukarugwiza. Niliwapanga mbele. Nikavuta turubai kama waziri.

Mzee akaizunguka. Akapiga ubao kwa kidole, akasema ni libuyu kweli. Kisha, kwa adabu, akauliza armwari ziko wapi. Nikasema hii hapa. Akasema anaona nimezifungia ndani, ni vizuri, vumbi ni jingi. Akafungua mlango wa kushoto. Akafungua wa kulia. Akaingiza kichwa. Sauti yake ikatoka humo kama ya muntu kisimani: Harelimana, humu hamna kitu, kuna fimbo.

Basi sekretari akawa mweupe, kisha mwekundu, kisha akapoteza Kifaransa chote na kusema Kiswahili kama sisi wengine. Armwari! Alama! Nembo, weye muntu! Nembo ya mkoa, kipande cha ubao, ngao ya kutundika ukutani! Nani alikuomba kabati?

Nikauliza kwa nini basi hakusema nembo tangu mwanzo. Akasema: kwa sababu ulisema umetengeneza ya askofu!

Inaonekana Kifaransa kina maneno mawili, moja la nembo na moja la kabati, na yanatofautiana mkiani tu. Lakini neno likifika huku kwetu Kamembe, mkia tunaukata sote. Hilo si kosa langu. Ni kosa la mkia.

Harelimana akaona mguu wa kushoto. Akauliza huyo ni nani. Nikasema chui. Akasema chui ni wa nembo ya Zaire, na kwamba nimemvusha mnyama wa watu wa Bukavu chini ya daraja na kumtia kwenye miguu ya Cyangugu. Nikasema basi ni paka. Akauliza paka wa nani.

Mukarugwiza aliinama chini. Alikuwa anafungua droo na kuifunga. Hilo liliniogopesha kuliko yote. Kesho kutwa jubilei, Jumamosi harusi, na mama mkwe wa Feza amenishuhudia mimi, baba wa bibi harusi, nikiwa mpumbavu wa mkoa mzima.

Ng'ambo ya barabara Ndagijimana alikuwa amekaa chini kabisa, mgongo ukutani, miwani mkononi, akijifuta macho.

Jambo moja jema: armwari si yao. Basi ni ya Feza. Nilikuwa naanza kupumua.

Jumanne, 30 Juni

Nimeacha kupumua. Wanaitaka.

Mzee Munyaneza alilala na jambo hili, akaamka na mpango. Picha iko sahihi, asema, kila alama iko mahali pake, na muda wa kupaka nyingine hakuna. Basi kabati lisimamishwe nyuma ya jukwaa, lizungushiwe pazia, ionekane milango tu. Mgeni atavuta kitambaa, ataona nembo, atapiga makofi, ataondoka. Nani atajua kuna mgongo?

Nikasema armwari ni ya binti yangu. Akasema ni kwa siku moja. Harelimana akasema, bila kunitazama, kwamba muntu aliyeaibisha kamati hana mahali pa kukataa. Nikakubali, kwa sharti irudi siku ile ile. Wakasema bila shaka. Niliona jinsi walivyosema bila shaka.

Nikakumbuka milango. Haina serire, upepo wa ziwani unaifungua. Mzee akauliza ifungwe na nini. Tukajaribu kamba, inaonekana. Msumari, nikasema hapana, kwa Feza siharibu. Tukakaa tukitazamana. Mukarugwiza, aliyekuwa anamenya njegere pembeni, akasema bila kuinua kichwa: si aingie yeye aishike? Ameitengeneza kubwa.

Ninaandika haya kwa haraka. Kesho naingia.

Jumatano, 1 Julai

Kiti changu cha mbele, chenye mgongo, kilikaa tupu sherehe nzima. Mimi nilikuwa mbele zaidi yake.

Waliniingiza kabla watu hawajafika. Nilishika milango kwa ndani, kwa vipande viwili vya mbao, mguu mmoja juu ya mwingine. Jua la Julai lilipiga pazia. Nilisikia fanfare na matarumbeta yake, nilisikia ngoma, nilisikia Harelimana akisoma kwa pua. Nilisikia kitambaa kikivutwa, na watu wakasema aaa. Wavuvi wakapiga makofi. Machozi yalinitoka, ya jasho na ya mengine. Mikono yangu hii, na siku ya kusifiwa niko gizani kama koti.

Kisha mgeni akaanza hotuba. Ilikuwa ndefu, ya amani na kazi. Na mimi, fundi makini, nilisahau kufagia unga wa mbao ndani.

Nilishika pua. Nilifikiria kifo. Nilifikiria Nzigire. Haikusaidia.

Nembo ya Cyangugu ikapiga chafya. Mlango wa kushoto ukaenda Bukavu, wa kulia Bugarama, na mimi nikabaki katikati, nimening'inia kwenye fimbo ya nguo kwa mikono miwili.

Watu hawakucheka. Walimtazama mgeni kwanza, kujua kama kucheka kunaruhusiwa. Hapo ikasikika sauti ya Mukarugwiza peke yake: Muderhwa, nani amekutundika?

Nikamwona Feza. Alikuwa amesimama pamoja na mama wa Nyakarenzo, ndani ya kitenge chake kipya, mikono imeshika mkoba. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilishuka, nikavua kofia, nikasema Mheshimiwa asishangae, hii ndiyo maana yenyewe. Nembo nyingine ni ngao, zinafunga. Ngao inasema usinikaribie. Sisi watu wa Cyangugu tumekaa mlangoni mwa nchi: huku daraja la Rusizi, kule Ruhwa, mpaka wa Burundi. Maji yanatoka kwetu kwenda kwa wengine, mchele unavuka, watoto wanavuka, wengine na mfuko mmoja tu mkononi, na hatumfungii muntu. Nembo yetu lazima ifunguke. Na ikifunguka lazima iwe na nafasi ndani ya kuweka vitu vya aliyefika.

Nilisema hivyo.

Mgeni akacheka. Basi uwanja mzima ukacheka, kisha wakapiga makofi, na fanfare ikapiga kitu ambacho hakikuwa kwenye programu. Mzee Munyaneza alikuwa anatazama chini akipangusa pua. Mimi nikajua: Muderhwa, wewe ni mkubwa.

Hapo mgeni akauliza, akitabasamu bado, devize iko wapi.

Hilo nililijua. Nikavuta droo. Nikasema iko hapa, Mheshimiwa, imefichwa vizuri, inaingia faranga za Burundi, zaire, hata dola, na mtu wa duane hawezi kuiona.

Mtu wa duane alikuwa amekaa mstari wa pili. Alisimama.

Mzee Munyaneza akaruka kwa miguu ambayo sikujua anayo. Akasema fundi wetu anapenda mizaha, kwamba maneno ya devize, ya kuandikwa chini ya nembo, bado kamati inayatafuta, na droo hii ni ya kuyahifadhi yakipatikana. Mgeni akasema ni wazo la busara. Duane akakaa, polepole.

Mzee ni muntu mwema, ameniokoa. Ila nashangaa kamati kubwa hivyo inatafuta devize na kukosa. Bukavu zipo kila kona.

Alhamisi, 2 Julai

Nilikwenda na mkokoteni kuchukua armwari. Iko ofisini kwa Harelimana. Akasema haitoki. Mgeni ameisifu, kwa hiyo sasa ni historia. Muntu hachukui historia na mkokoteni.

Nikamkumbusha bila shaka yao. Akasema mambo yamebadilika. Nikaona mlango wa kulia uko wazi kidogo. Ndani ametundika koti lake na mwavuli. Kwenye rafu ameweka kofia na sahani ya chakula cha mchana.

Niliwaambia Nzigire na Feza yote, tangu mbao. Nzigire akasema: Papa, kinywa chako kingekuwa na serire, tungekuwa matajiri. Feza akasema haina neno, alishaiona kwenye sherehe, imetosha kwamba ilikuwa ya kwake siku moja. Akaenda kutafuta mfuko wa nguo.

Ningependelea anipige.

Jumamosi, 4 Julai

Sasa naweza kuandika ya jana na ya leo.

Jana nilivuka barabara. Nilimwambia Ndagijimana nahitaji mbao zangu, hata za sanduku tu. Akasema ameshazikata. Halafu akaenda nyuma, akarudi na serire, ile ya Bukavu, shaba, na funguo zake. Akasema ni zawadi kwa mtoto, mimi nisijione. Nilimshukuru kidogo. Serire bila mlango, niifunge puani?

Kumbe Mukarugwiza alikuwa anapita na alisikia. Akauliza armwari iko wapi. Nikasema ofisini, imekuwa historia. Akauliza: ile imetengenezwa kwa mbao za nani? Za Feza. Imepakwa maharage ya nani? Ya Nyakarenzo. Akakunja mikono ya blauzi.

Sikuwepo, nilisikia kwa waliokuwepo. Aliingia ofisini na mama wakulima, kila mmoja bega lake. Harelimana akasema hii ni nembo ya mkoa. Mukarugwiza akamwambia hii ni ya mkamwana wangu, na mkoa ukitaka kuiona, njia ya Nyakarenzo inajulikana, tutawapa na viti. Akamtundikia koti lake mkononi, mwavuli kwenye kidole, sahani juu. Wakaibeba wakiimba. Mzee Munyaneza alishika mlango wa ofisi armwari ipite vizuri.

Leo harusi. Armwari ilitangulia mbele ya bibi harusi, juu ya kamioneti, ziwa na mto na chai vikiwaka juani, chui akitazama nyuma. Mlango wa nyumba ulikuwa mwembamba, kama nilivyosema. Mukarugwiza akaagiza jembe, wakabomoa pembeni mwa mlango hapo hapo.

Niliifunga serire mwenyewe. Feza akafungua, akatoa nguo ndani ya mfuko, akazitundika moja moja. Zilikuwa chache, zilijaa kwenye kona. Mfuko akaukunja, akauweka ndani ya droo, akafunga, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akanigeukia, akasema: Papa, inafunga.

Mukarugwiza alitangaza kwa wageni wote kwamba binti wa Bukavu amekuja na mdomo, na kitenge, na Cyangugu nzima.

Nilienda nyuma ya nyumba kuangalia migomba. Migomba ni mizuri kule.

Jumatatu, 6 Julai

Wanarudi! Sikusema? Kipaji hakifichiki.

Harelimana mwenyewe, mnyonge kidogo. Akasema kamati haiwezi kupanda Nyakarenzo kila mara ikitaka kuonyesha nembo, basi wanahitaji so yenye ile picha, ya kukaa mezani ofisini, na barua yoyote ya mkoa isitoke bila kupigwa so. Akaniuliza mara mbili kama naelewa. Nikacheka. So! Hata mtoto wa bombani anajua so ni ndoo kwa Kifaransa. Nikamwambia kule Kisangani nilitengenezea so jeshi zima.

Akasisitiza iwe so kavu. Nikasema bila shaka, maji na barua haviendi pamoja. Akafurahi, akasema hatimaye tunaelewana.

Ameomba iwe ndogo, inayoshikika kiganjani. Hawa wakubwa hawajui kuagiza. Barua za mkoa mzima zitaingia wapi? Nitatengeneza ya kukaa magunia mawili, bati imara, korongo wawili pembeni, na chui nimemficha kwenye kitako.

Ndagijimana aliulizwa kwanza. Akasema si kazi yake. Ameogopa tena, maskini, na amekaa mlangoni anapangusa miwani.

Nimeshapinda mkono wa kubebea.